Kiwanja cha Mkwe

Watu wa Chiola walilisikia Konokono kabla ya kuliona. Basi dogo lile kuukuu, Kosta, lilikuwa na honi mbovu, ikilia yenyewe kila likiingia shimoni, na barabara ya kutoka Nachingwea mjini baada ya mvua za kwanza haikuwa na uhaba wa mashimo. Hajra alikuwa jikoni akikaanga korosho za wageni. Honi ilipolia mara ya kwanza, mwiko ulimponyoka.

"Okota mwiko," alisema mama yake, Bi Zaitun, bila kugeuka. "Mwanaume hajafika, mwiko umeshaanguka. Akifika si utamwaga sufuria nzima?"

"Mama jamani, umeteleza tu."

"Eeh, umeteleza. Na moyo nao umeteleza."

Hajra aliinama kuokota, na alifurahi kwamba ameinama, maana uso ulikuwa unawaka. Leo ndiyo leo. Mikidadi alikuwa anakuja kumposa, si kwa kupeana macho sokoni wala kwa simu za kunong'ona chini ya shuka, bali kwa mkeka, mshenga na mjomba mtu. Alikuwa amemngoja huyu kijana wa Ruangwa kwa muda mrefu hata majirani walishaanza kumwonea huruma, na wengine kumcheka.

Konokono lilikuwa gari la Mikidadi, na jina lile lilitoka kwa watu wa Ruangwa. Zamani lilibeba abiria kati ya Ruangwa na Nachingwea, Mikidadi akiwa dereva na fundi wake mwenyewe. Kisha akang'oa viti vyote. Akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na sola juu ya paa. Watu walipouliza anafanya nini, alijibu anajenga. Wakacheka mpaka wakachoka, wakaliita Konokono kwa sababu linatembea na nyumba yake mgongoni. Mikidadi naye, kwa kuwa hajui kununa, alicheka pamoja nao.

Hajra alichungulia dirishani. Gari lilisimama kule barabarani, nje kabisa ya uzio. Alijua ni adabu tu. Kijana wa watu hawezi kuingiza gari uani kwa wakwe kabla hajakaribishwa. Lakini Bi Zaitun naye alichungulia, na hakuliona hivyo.

"Ameliacha barabarani," alisema taratibu. "Kama mtu anayepita."

Akafuta mikono kwenye khanga akatoka. Hajra alimfuata kwa macho na kumwona akisimama kidogo pembeni ya nyumba, mbele ya kile kiwanja.

Ni kipande cha ardhi tu, kati ya jiko na mpapai, lakini kila mtu pale mtaani alikijua. Kwa Wamwera wa huku, tangu enzi za bibi zake Hajra, mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Vijana wa siku hizi wengi wameacha, wanabeba wake zao wanakwenda nao wanakotaka. Bi Zaitun hakuwa amesikia habari hizo, au alizisikia akazipuuza. Tangu alipofiwa na mumewe, akabaki yeye na binti yake huyo mmoja, alikifagia kiwanja kile kila asubuhi. Hakupanda hata mchicha. Majirani waliomba kuanikia ufuta wao hapo, akawakatalia. Hapo pangejengwa nyumba ya mkwe, karibu kiasi cha kuitana bila kupaza sauti.

Wageni waliketi mkekani barazani. Mjomba Twalha, kaka yake Bi Zaitun, alikuwa amekuja kwa bodaboda tangu asubuhi, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Yeye ndiye mwenye neno; mtoto wa dada haolewi bila mjomba kukohoa. Upande wa pili aliketi Mzee Agapiti, Mkatoliki wa Mnero, fundi wa magari aliyemlea Mikidadi gereji tangu alipofiwa na wazazi, na ambaye leo ndiye alikuwa mshenga. Bi Zaitun aliketi kwenye kizingiti, nusu yake ndani, nusu nje, khanga ikiwa imefika mpaka kidevuni. Mama mkwe wa kweli haongei na kijana kabla kijana hajakubaliwa. Akiwa na neno, analipitisha kwa kaka yake.

Hajra alileta korosho kwenye sahani, akapiga goti, akasalimia. Alipoinua macho yakakutana na ya Mikidadi. Kijana alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililobakiza doa dogo la grisi kwenye kola, doa ambalo hakika hakuliona mwenyewe. Hajra alitamani kulifuta kwa kidole chake. Akarudi jikoni haraka, akajibanza nyuma ya mlango kusikiliza.

"Mshenga amesema vizuri," mjomba alikuwa anasema. "Kijana ana adabu, ana kazi, na binti yetu anampenda, hilo hata viziwi wameshalisikia. Mimi nina swali moja. Utajenga wapi?"

"Nimeshajenga, mjomba," alijibu Mikidadi.

"Wapi?"

Mikidadi akanyoosha mkono kuelekea barabarani.

Mzee Agapiti akajifanya anatazama kuku.

"Kijana," alisema mjomba, "lile ni basi."

"Ni nyumba, mjomba. Naomba nieleze." Mikidadi akasogea mbele, na sauti yake ikawa na joto la mtu aliyelala na jambo hili muda mrefu. "Hajra ana pumu. Nyie mnajua kuliko mimi. Mwezi wa sita mikorosho ikichanua watu wanapuliza ile dawa ya unga, salfa, na haki yao, wasipopuliza maua yanakauka na watoto wanakosa ada. Lakini ile salfa kwa Hajra ni sumu. Inaingia mlangoni, inaingia dirishani, ipo Nachingwea, ipo Ruangwa, ipo kote huku. Nikajiuliza, nikimjengea nyumba ya tofali, nitamjengea wapi ambako hewa haitamgeuka?"

"Endelea."

"Mwaka juzi niliwatengenezea gari wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe. Walivunjika springi pale Ruangwa. Wanaishi ndani ya gari mwaka mzima. Nikawauliza, mnajuaje pa kwenda? Wakaniambia, tunaulizana asubuhi, leo mwenzangu unataka hewa ya wapi? Joto likizidi wanahama, baridi ikizidi wanahama. Nikasema basi, dawa ndiyo hii."

Akachukua korosho kwenye sahani akaanza kuzipanga juu ya mkeka, moja moja, kwa uangalifu kama anafunga injini.

"Mwezi wa sita tunatoka, tunakwenda Morogoro. Hakuna joto wakati ule. Mwezi wa nane tupo Mwanza, ziwani. Mwezi wa kumi Njombe, baridi imeshapungua. Januari Lushoto, kuna ubaridi mzuri wakati huku tunatoka jasho. Mvua zikiisha huko bara, Singida. Halafu tunaanza tena. Mwaka mzima, mjomba, hewa nzuri tupu."

"Na mtakula nini? Hewa nzuri?"

"Magari yanaharibika kila mahali, mjomba. Na Hajra cherehani yake nimeiwekea meza, pembeni ya dirisha. Nguo zinachanika kila mahali."

Mjomba Twalha akatikisa kichwa, akafikiri, na katika kufikiri mkono wake ukaokota korosho mkekani ukaipeleka mdomoni.

"Mjomba," alisema Mzee Agapiti kwa upole, "umeila Njombe."

"Hii?" Mjomba alitafuna. "Basi Njombe imekaangwa vizuri."

Watu wakacheka. Hata Hajra nyuma ya mlango alicheka, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani yake, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukesha akifikiria mapafu yake namna ile. Kisha sauti ya mama yake ikatoka kwenye kizingiti, ndogo, wala haikuwa na hasira.

"Kaka, hebu niulizie. Katika hizo korosho, ya hapa ni ipi?"

Kicheko kikaisha. Mikidadi alitazama mkeka, akatazama tena, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta simu haimo.

"Hapa..." alisema. "Hapa tutakuwa tunakuja kusalimia, mjomba."

Bi Zaitun alijifunga khanga vizuri, akainuka, akaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Mjomba alikaa akisugua magoti. "Hajra!" aliita. "Najua upo hapo, njoo. Nenda ukaongee na mwenzako, kulekule kwenye hilo basi lake, mlango uwe wazi nikiwaona. Ukirudi unipe neno. Mimi leo siondoki na nusu jibu. Ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema hapana, kijana wa watu ageuze gari aende zake."

* * *

Ndani ya Konokono kulinukia mbao mpya na rangi. Kitanda kilitandikwa shuka la kijani. Sufuria zilining'inia kwa mpangilio wa mwanaume asiyejua sufuria ipi inatumika mara nyingi. Kitu cha kwanza Hajra alichokiona, hata hivyo, kilikuwa mapazia.

Aliyajua. Aliyashona mwenyewe sokoni Nachingwea, anakoshonea nguo za watu, kwa mikono yake, kitambaa cha bluu chenye maua madogo. Mikidadi alimletea vipimo akasema ni vya mteja, ana gari, na mkewe anapenda bluu. Hajra alishona usiku na mchana, na kwa siri alimwonea wivu huyo mke wa mteja.

"Umeyatundika juu chini," alisema. "Pindo pana linakaa chini, Miki."

"Nimeyageuza? Yote?"

"Yote."

Mikidadi alitabasamu, akanyoosha mkono amshike. Hajra akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Kwanza nijibu. Mwanza nitakwenda kwa nani?"

"Utakwenda na mimi."

"Najua na wewe. Lushoto kwa nani? Singida? Umenichagulia mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, kama mtu anayetafuta pa kuanika ufuta wake. Wale wazee wa Kizungu walikwambia nini? Si walikwambia wanaulizana? Wewe umeniuliza lini?"

"Nilitaka iwe zawadi, Hajra."

"Zawadi ni pazia. Haya ni maisha yangu."

Neno lile lilimpata. Mikidadi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mikubwa ikilegea katikati ya magoti. Alipoongea hakumtazama.

"Unaukumbuka mwezi wa saba ule? Nilikuchukua pale sokoni, gari limejaa. Nikakuweka kiti cha mbele. Mpaka tunafika hospitali sikusikia injini, sikusikia abiria, na walinitukana kweli kwa kupitiliza vituo vyao. Nilikusikia wewe tu ukitafuta hewa. Unavuta, haiji. Unavuta, haiji." Sauti yake ilikatika. "Bado nakusikia. Nikilala nakusikia. Kesho yake ndiyo nikaanza kung'oa viti. Sikufikiria kuuliza. Nilifikiria kukutoa huku tu."

Hajra alilia. Hakujificha, alisimama pale kati ya jiko la gesi na meza ya cherehani, machozi yakimshuka, akimpenda kijana huyu kwa upendo uliomuuma mbavu, na bado akiwa na hasira naye.

"Nakushukuru," alisema. "Nitakushukuru mpaka nazeeka. Lakini sitaki unioe kwa sababu nakohoa."

"Nakuoa kwa sababu nakupenda. Nataka tu uwepo muda mrefu, nikupende bila kukimbizwa."

"Na mama?"

"Mama nitamtunza. Nitakuwa natuma..."

"Sikiliza, Miki. Lile shamba nyuma ya nyumba ni la mama. Unajua amelipuliza lini mara ya mwisho?" Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Tangu nilipoanza kuugua hajawahi kupuliza. Wenzake wanavuna magunia, yeye anaokota za kujaza ungo. Watu wanamwona mvivu, wanamsema, na hajawahi kuwajibu. Mashine za kupulizia za jirani zikianza kulia, analowesha khanga zake zote, anazitundika madirishani salfa inase pale, zikikauka anazilowesha tena. Hata zile za eda, alizomlilia baba, amezitundika. Huyo ndiye uliyemwambia tutakuja kusalimia."

Mikidadi alifumba macho.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua kwa sababu hukuuliza."

Kule barazani mjomba alikohoa, akiwakumbusha kwamba yupo. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya tena upande wa Ruangwa, na upepo uliokuja mbele yake ulipita dirishani ukayainua yale mapazia yaliyogeuzwa. Hajra aliuvuta bila kufikiri. Uliingia wote, mpaka chini, bila kukwaruza.

Mikidadi alimwona akivuta. Akainuka, akasimama mbele yake, si karibu sana, kwa ajili ya macho ya mjomba.

"Basi nakuuliza sasa," alisema. "Nimechelewa, lakini nakuuliza. Hajra, unataka hewa ya wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na lilimshangaza jinsi lilivyomgusa. Madaktari walikuwa wamemwambia akae wapi. Mashangazi walimwambia. Mama yake alimwambia kila mwezi wa sita kaa ndani, funga mlango. Yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa, na sasa alipoulizwa aligundua kwamba jibu analo, na kwamba amekuwa nalo siku nyingi.

"Hii," alisema. "Hii hapa, ya leo. Mvua zikianza vumbi linalala, na hapa nyumbani napumua kama watu wengine. Kuanzia mvua hizi mpaka mikorosho ikaribie kuchanua, nataka niwe kwa mama. Nimsaidie kulima, nimsikilize akinigombeza. Maua yakitokea, hapo nitoe. Nitoe mbio, sitakuuliza tunakwenda wapi. Morogoro nitakwenda. Mwanza nitakwenda, ziwa sijawahi kuliona. Tutarudi mvua zikituita."

"Na Njombe?"

"Njombe si imeshaliwa?"

Walicheka wote wawili, na katika kucheka Mikidadi akasahau mjomba, akamfuta chozi la shavuni kwa kidole gumba. Hajra naye akasahau mjomba, akamfuta lile doa la kola. Halikutoka. Kule barazani kikohozi kikaja kwa nguvu mpya.

* * *

Hajra alirudi barazani, Mikidadi nyuma yake. Akapiga goti kando ya mkeka, akachagua korosho kubwa kuliko zote kwenye sahani, akaiweka katikati ya zile nyingine.

"Hapa ni Chiola, mjomba. Mvua ikinyesha tupo hapa. Salfa ikianza tunaondoka, ikiisha na mvua zikirudi, tunarudi. Kwa masharti hayo, mimi nimekubali."

Mjomba Twalha alimtazama Mikidadi. "Na wewe?"

"Mimi nilikosea, mjomba. Nilipima madirisha, nikasahau wenye nyumba."

"Hmm." Mjomba alitazama korosho ile kubwa, na kwa heshima hakuigusa. Kisha akageukia mlango. "Dada! Umesikia?"

Hakuna aliyejibu. Aliita tena. Kizingiti kilikuwa kitupu, na ndani ya nyumba palikuwa kimya. Hajra alikuwa ametoa neno lake, na neno lake lilikuwa na mjomba ndani, na mvua ndani, na ziwa ambalo hajaliona, lakini bila mama yake lisingekuwa kitu. Ndipo waliposikia sauti ya fagio.

Ilitoka pembeni ya nyumba. Hajra aliinuka akaifuata, na wanaume wakamfuata yeye.

Bi Zaitun alikuwa kwenye kiwanja. Alishakifagia asubuhi, kama kila asubuhi, hakukuwa na jani hata moja, lakini alikuwa anakifagia tena, ameinama, khanga imefungwa kiunoni. Alikuwa ameng'oa mti wa kamba ya kuanikia nguo uliokaa njiani, ameulaza kando ya mpapai. Alipowasikia alinyooka, akashika mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumtazama kaka yake. Hakumtazama Hajra. Alimtazama Mikidadi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Wewe mkwe," alisema.

Mikidadi alishtuka, akapiga goti palepale kwenye udongo. "Naam, mama."

"Nimewasikia. Nyumba haiachwi barabarani. Lete hilo gari lako ndani."

"Nalileta, mama."

"Ngoja, sijamaliza." Aliinua fagio, akaonyesha nalo. "Uingie kinyumenyume. Nyuma likae huku kwa mpapai, uso utazame barabarani."

Hajra alimsogelea. "Mama, mbona kinyumenyume? Si angeingia tu?"

"Mwezi wa sita mashine zikianza kulia, sitaki mkae hapa mnahangaika kugeuza gari na wewe unakohoa." Bi Zaitun alirudi kufagia, haraka haraka, pale palipokuwa safi. "Mkitoka, nami nipulize mikorosho yangu."